Anayehema kwa Hofu Asizingirwe

Bila shaka umewahi kuona jambo hili. Msibani mtu analia, mara anaanza kuhema haraka haraka. Midomo inakufa ganzi, vidole vinakakamaa, kichwa kinazunguka. Anaanguka. Watu wanakimbia na kumzingira. Huyu anapiga kelele, yule anasema ni mashetani, mwingine anampiga kofi ili azinduke.

Kwa maoni yangu, sisi tunaomzingira ndio tunaomzidishia.

Sababu ni hii. Tukipumua tunavuta hewa safi na kutoa hewa iliyotumika. Lakini mwili unahitaji kubaki na kiasi cha hewa hiyo iliyotumika. Mwenye hofu au uchungu akihema sana, huitoa kupita kiasi. Ndipo ganzi na kizunguzungu huja. Naye hudhani anakufa, hofu huongezeka, huhema zaidi. Kelele zetu ni kuni katika moto huo.

Basi tufanye nini? Watu watawanyike. Abaki mmoja ambaye mgonjwa anamwamini. Amketishe, amlegezee nguo, amwambie kwa sauti ya chini: "Vuta pumzi polepole kwa pua. Itoe polepole zaidi." Msimfunike uso wala kumwekea mfuko mdomoni. Ni hatari.

Ili hali hiyo isirudi, afanye zoezi hilo la kupumua kila siku, hata akiwa mzima. Alale vya kutosha. Apunguze kahawa. Zaidi ya yote, apate mtu wa kumweleza linalomsumbua. Msichana anayeanguka kila mtihani unapokaribia asiachishwe shule. Asikilizwe.

Lakini tahadhari! Si kila anayehema ana hofu. Nimonia, pumu, malaria kali na ugonjwa wa moyo pia humfanya mtu aheme. Anayepatwa mara ya kwanza, mwenye homa au maumivu ya kifua, au asiyetulia upesi, apelekwe zahanati mara moja.

Kwa mtoto mdogo, msiseme ni hofu. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, usingoje kesho.

Lizungumzeni jambo hili darasani na katika mkutano wa kijiji. Mkubaliane mapema nani atakaa na mgonjwa, na nani atawaondoa watu.