Mwenye Kisukari na Homa ya Mafua

Mwezi huu twapenda kunena na wenye ugonjwa wa kisukari, na wale wakaao nao nyumba moja. Maana tulimsikia mzee mmoja akishauriwa kuchanjwa kwa ajili ya homa ya mafua, naye akajibu, "Mimi najidunga sindano kila siku kwa sababu ya sukari. Nyingine ya nini tena, nayo ni ya mafua tu?" Neno lake si la kuchekwa, kwa kuwa wengi huwaza vivyo hivyo. Basi na tumjibu kwa upole.

Kwanza tukumbuke habari za Leonard Thompson, kijana wa mji wa Toronto, nchi ya Kanada. Mwezi wa Januari 1922 alikuwa amekonda mno, karibu kufa kwa kisukari. Huyo ndiye mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini iliyopatikana kwa kazi ya Frederick Banting na wenzake. Sindano ya kwanza haikumfaa sana, lakini dawa ilipokwisha kusafishwa vema alipata nguvu, akaishi miaka 13 zaidi. Hata mwaka 1935 akafariki, naye hajatimiza miaka 30. Ugonjwa uliomwua ni kichomi, yaani nimonia. Sukari ilikuwa imepata mlinzi, bali kifua hakikuwa na mlinzi.

Kichomi huletwa na mambo mengi, na mojawapo ni homa ya mafua. Wakati wa kijana yule chanjo yake ilikuwa bado. Ilianza kutumika katika miaka ya 1940. Sisi wa leo tunayo.

Tena mafua na homa ya mafua si kitu kimoja. Mafua ya kawaida hutiririsha pua siku chache, yakapita. Lakini homa ya mafua humshika mtu ghafula: joto kali, kichwa kuuma, viungo kuvunjika, na kikohozi, hata asiweze kuondoka kitandani. Mwenye kisukari hupata hatari mara mbili. Sukari iliyozidi siku nyingi huwadhoofisha askari wa mwili wapiganao na maradhi. Na homa yenyewe huipandisha sukari, hata kama mgonjwa hakula kitu.

Kwa hiyo akosea sana yule asemaye, "Leo sili, basi sijidungi." Asiache insulini kwa shauri lake mwenyewe, bali amwulize mganga kiasi kimfaacho. Apime sukari mara nyingi kuliko desturi, na kunywa maji mara kwa mara. Akitapika pasipo kukoma, au akihema kwa shida, au pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, au akisinzia na kupotewa na fahamu, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali mara moja.

Sasa habari ya chanjo. Wengine huogopa kwamba sindano hiyo yaleta homa ile ile. Sivyo. Virusi vya chanjo ya sindano vimekwisha kuuawa. Haviwezi kumwambukiza mtu. Mkono waweza kuuma, na mwili kuchoka siku moja au mbili, kisha basi. Kinga huhitaji kama majuma mawili kukamilika, kwa hiyo si vema kungoja hata jirani wameanza kukohoa. Wala hatusemi kwamba aliyechanjwa hataugua kamwe. Lakini akiugua, mara nyingi ugonjwa huwa mwepesi kuliko ambavyo ungalikuwa.

Hurudiwa kila mwaka, kwa kuwa virusi hivi hubadili sura zao, kama mwizi abadiliye kanzu ili asitambulikane. Ndiyo sababu wataalamu wa Shirika la Afya Duniani hukutana mara mbili kila mwaka kuchagua chanjo ya msimu ujao. Ulizeni katika hospitali yenu kama ipo, na bei yake. Aliyewahi kudhurika vibaya kwa chanjo amwambie mganga kwanza. Na watu wa nyumbani nao wachanjwe wakiweza, maana mara nyingi homa humfikia mzee kwa mkono wa mjukuu.

Basi, mzee wetu, jibu letu ni hili: sindano ya kila siku yakulinda na sukari, bali haikulindi na homa hii. Hii nyingine ni moja tu kwa mwaka. Umekwisha kustahimili mia nyingi. Usishindwe na moja.

Nanyi walimu, na vijana mjuao kusoma: wako wazee wasioweza kuusoma ukurasa huu kwa macho yao. Wasomeeni jioni, kisha mfuatane nao hospitali.