Kompyuta Yako Haijafa, Usikubali Kuambiwa Imekufa

Leo nataka kuzungumza na wenye kompyuta za zamani kidogo, yaani wengi wetu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Tangu hapo swali ninaloulizwa ni lile lile: je, sasa nitupe laptopu yangu ninunue nyingine?

Jibu langu ni hapana. Usitupe. Lakini usikae tu pia, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza tuelewane kuhusu kilichokoma. Kompyuta yenye Windows 10 inawaka kama kawaida na kazi inafanyika. Kilichokoma ni marekebisho ya bure ya kila mwezi, yale yanayoziba mianya ya usalama. Kama unadhani hilo ni jambo dogo, kumbuka WannaCry ya Mei 2017. Kirusi kile kilienea nchi nyingi kwa siku chache, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikalemewa. Dawa ya Windows zilizokuwa bado zinahudumiwa ilikuwa imetolewa Machi, miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimeipata.

Sasa fikiria saiba ya mtaani. Watu wanaingia kutwa kucha kuandika nambari za vitambulisho, PIN za KRA na nywila za barua pepe. Mashine ile ikiingiliwa, anayeumia si mwenye saiba peke yake.

"Basi si uweke Windows 11?" utauliza. Hapo ndipo penye ugomvi wangu. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021. Inataka RAM ya gigabaiti 4 na diski ya gigabaiti 64, na hizo hata laptopu ya mtumba inazo. Shida ni masharti mengine mawili. La kwanza ni TPM 2.0, sehemu inayotunza funguo za siri ndani ya kompyuta. La pili ni prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, ukiacha chache sana, orodha inaanzia kizazi cha 8, kilichoingia sokoni mwaka 2017.

Tembea Moi Avenue au Luthuli Avenue jijini Nairobi uone madirisha yamejaa laptopu za "ex-UK". Utakutana na HP EliteBook 840 G3 na Lenovo ThinkPad T470, zenye prosesa za kizazi cha 6 au 7. Ni mashine imara zilizoundwa kwa ajili ya maofisi. Ziwekee SSD na RAM ya gigabaiti 8 uone zinavyokimbia! Mwanafunzi ataandika tasnifu, mfanyabiashara atapiga hesabu zake, na hata mimi ninayeandika programu naweza kupata riziki yangu juu yake. Nyingine zina hata hiyo TPM 2.0. Bado zimekataliwa kwa sababu prosesa haimo kwenye orodha.

Tusiwaonee Microsoft bure. Sababu ya usalama waliyoitoa si uongo. Prosesa mpya zaidi zina uwezo wa kutenga sehemu nyeti za mfumo bila kuipunguzia kompyuta kasi sana. Hilo nalikubali kama mtu wa fani. Ninalopinga ni hesabu yao ya mwisho: kwamba kwa kuwa mlango wako si wa chuma, basi hata kufuli ya kawaida tusikuwekee. Kompyuta ya kizazi cha 6 yenye marekebisho ni salama kuliko ile ile isiyo nayo. Kwa kumnyima mtu marekebisho huku hana pesa za mashine mpya, hujampa usalama. Umemwacha wazi.

Ni kweli, walitangaza mpango wa nyongeza kwa watu binafsi, wa mwaka mmoja, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Ungeweza kulipa dola 30, kutumia alama za zawadi za Microsoft, au kuupata bila malipo kwa kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti yao. Lakini watumiaji wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya waliondolewa sharti hilo la kuhifadhi, baada ya vyama vya watumiaji kule kupiga kelele. Sisi hatukuondolewa. Nalo ni funzo: panapokuwa na sheria kali na walaji wanaosema kwa sauti moja, kampuni hulegeza. Kwetu sijaisikia sauti hiyo.

Maoni yangu ni haya. Muda wa marekebisho ya usalama uandikwe wazi pale kompyuta inapouzwa, mpya au mtumba, kama tunavyoandika tarehe ya mwisho kwenye maziwa. Kenya ina sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hadi inapokuwa taka. Mimi nasema anayeandika programu inayoifanya kompyuta nzima iwe taka naye aguswe na wajibu huo.

Tukisubiri hayo, fanya hivi.

Kama unaenda kununua, soma nambari ya prosesa, usitosheke na jina la modeli. Katika i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: cha 6. i5-8350U ni cha 8. Muuzaji akikuonyesha Windows 11 imeshawekwa kwenye ile ya kizazi cha 6, jua amepita mlango wa nyuma. Microsoft yenyewe imesema mashine za namna hiyo hazina hakikisho la kupata marekebisho. Rahisi ni ghali.

Kama tayari unayo, jaribu Linux Mint. Toleo la 22, lililotoka Julai 2024, litahudumiwa hadi mwaka 2029, na halikutozi hata shilingi. Unaliweka kwenye flashi, unaliwasha na kulijaribu bila kugusa diski yako. Firefox imo, LibreOffice imo, na eCitizen inafunguka kama kawaida. Ukiamua kulisimika, nakili mafaili yako kwanza!

Sitakudanganya kwamba Linux ni ya kila mtu. Kama ofisi yako inategemea programu ya uhasibu inayokubali Windows pekee, au hati zako za Excel zimejaa makro, utasumbuka. Huyo namshauri atafute mashine ya kizazi cha 8 au zaidi, na ile ya zamani ampe mtoto wa shule ikiwa na Mint ndani.

Ila kuitupa Dandora mashine nzima inayofanya kazi, eti kwa sababu kuna orodha iliyoandikwa Marekani? Hapana. Kompyuta ni yako, uliinunua kwa jasho lako. Siku ya kuizika uipange wewe.