Mtuambie Nani Alilipia Helikopta ya Kampeni

Na Mwanaidi Karisa

Sheria ya kudhibiti ufadhili wa kampeni hapa Kenya tunayo tangu 2013, lakini wagombea wetu wamekuwa wakiiruka kila msimu. Kabla ya uchaguzi wa 2017 wabunge waliisimamisha. Agosti 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ikachapisha viwango vya matumizi, mgombea urais akiwekewa Sh4.4 bilioni. Bunge likavikataa, likidai kanuni hazikuletwa kwake kwanza, na kampeni za 2022 zikaendelea bila kikomo. Kifungu cha 88 cha Katiba kinaipa tume jukumu hili waziwazi, ila wa kuidhinisha kanuni ni walewale wanaopokea michango. Mgongano wa maslahi unaanzia hapo Bungeni, kabla hatujamtaja mfanyabiashara yeyote.

Kelele nyingi huwa juu ya kiwango. Mimi kinachonikosesha usingizi ni majina ya wafadhili. Mkandarasi akimpa mgombea ugavana Sh20 milioni, halafu miaka miwili baadaye akapata zabuni ya barabara, mkaguzi wa hesabu atakuta faili imenyooka: bei nzuri, vyeti vyote, sahihi kila mahali. Mchango haumo humo, wala haumo kwenye rejista yoyote ambayo mkaguzi angeweza kuifungua. Lami ikibanduka mvua za kwanza, wanakijiji watamlaumu mhandisi.

Na si kwamba hatujui kuweka hesabu za michango. Nenda harambee yoyote ya karo au ya kanisa: mtu wa maikrofoni anatangaza jina na kiasi, karani anaandika kwenye daftari, na mama aliyetoa shilingi mia mbili anasikika sawa na mheshimiwa aliyetoa laki mbili. Jioni jumla inasomwa mbele ya wote. Vyama vinavyotaka kutawala nchi nzima havijafikia uwazi huo.

Sheria yenyewe ina kasoro inayoniudhi. Inakataza michango isiyo na jina, na inazuia mfadhili mmoja kutoa zaidi ya asilimia 20 ya michango yote. Vizuri. Lakini iliandikwa pia kwamba tume itunze siri ya rekodi hizo, isipokuwa kukiwa na malalamiko, uchunguzi au kesi. Mpiga kura atalalamikia vipi asichokiona?

Wapo wanaohofia kwamba majina yakianikwa, wafadhili wa upinzani wataandamwa na watoza ushuru au kunyimwa leseni. Hofu hiyo ina msingi, tumeyaona hayo. Basi mchango mdogo wa mwananchi uachwe bila kutangazwa, na anayetoa mamilioni ajulikane, awe wa serikali au wa upinzani. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025 haitatuokoa hapa. Inamtaka afisa wa umma atangaze maslahi na zawadi zake, na mgombea mpya, wakati pesa za kampeni zinamwagika, bado si afisa wa umma.

Kanuni za ufadhili wa kampeni zinatakiwa kuchapishwa angalau miezi 12 kabla ya kura, na uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Mbunge wako akija mazishini au sokoni, muulize mbele ya watu: utapigia kura kanuni hizi, na majina ya wafadhili wako tutayasoma kabla ya kupiga kura au baada?