Joto la Udongo na Mahindi ya Mapema

Mkulima wa mahindi matamu katika majimbo ya kaskazini-mashariki ya Marekani hushindana na kalenda. Anayefika sokoni kwanza hupata bei nzuri. Muda si mrefu kila kibanda cha barabarani hujaa mahindi. Adui yake ni ubaridi wa udongo, kwani mbegu ya mahindi haioti vyema chini ya nyuzi 10 za Sentigredi, na aina zilizo tamu mno hudai joto zaidi ya hilo.

Ndiyo maana hutandaza plastiki. Wanafunzi wengi watasema iwe nyeusi, kwa kuwa weusi hunyonya joto. Hiyo ni nusu ya ukweli. Plastiki nyeusi hupata joto yenyewe, na huupa udongo pale tu inapougusa. Plastiki angavu huipenyeza nuru hadi udongoni, kisha hulizuia joto lisitoroke. Kasoro yake ni kwamba magugu nayo hustawi.

Wengine huotesha miche katika nyumba ya vioo na kuipandikiza ingali michanga, ya majuma mawili hivi. Ikicheleweshwa, mizizi husongamana, na mmea huchanua ungali mfupi.

Ufundi huo wastahili sifa, lakini si wa kuigwa kila mahali. Udongo wa pwani ya Afrika Mashariki haukosi joto. Mara nyingi hukosa maji. Kununua plastiki ili kuupasha ni kutibu maradhi yasiyokuwapo, ilhali matandazo ya nyasi kavu huhifadhi unyevu, na hatimaye huoza yakawa mbolea. Plastiki ya kawaida haiozi: hata huko Marekani hapana budi kuiondoa shambani baada ya mavuno, kazi ambayo wanaoisifu ni nadra kuitaja.