Ukiumia leo, kalenda ya korti inaanza leo

Chukua mfano wa kijana wa Garsen. Yuko nyuma ya boda pale Minjila, lori linamgonga, mguu unavunjika. Analazwa Malindi. Mwenye lori anatuma hela kidogo za dawa, na ajenti wa bima anamwambia, "Tulia, tunashughulikia." Anatulia. Miaka mitatu na wiki moja baadaye anamwona wakili. Swali la kwanza analoulizwa ni tarehe ya ajali. La pili haliji.

Hapo ndipo vijana wengi hupigwa chenga. Sheria ya Kenya kuhusu muda wa kufungua kesi, Sura ya 22, inampa aliyeumizwa kwa uzembe wa mwingine miaka 3 tu. Wengine husikia miaka 6 wakadhani wako salama, kumbe hiyo ni ya kesi za mikataba. Tena hesabu huanza siku ulipoumia. Haisubiri upone, na haisimami eti kwa sababu mnaongea na watu wa bima. Hata kesi ya trafiki ambayo polisi wamemfungulia dereva si kesi yako ya fidia.

Kama kilichokugonga ni gari la Serikali, mambo ni magumu zaidi. Sura ya 39 inakupa miezi 12 pekee. Likiwa la kaunti, usicheze na bahati, hesabu miezi hiyo hiyo. Kwa aliyeumia kazini na anataka fidia chini ya sheria ya mwaka wa 2007, ajali lazima iripotiwe kwa mwajiri ndani ya miezi 12.

Je, korti inaweza kuongeza muda? Ndiyo, lakini mlango ni mwembamba. Lazima uonyeshe kuwa kuna jambo muhimu la ukweli ambalo hukulijua wala hungeweza kulijua mapema, mfano ugonjwa wa kazini uliogunduliwa miaka baadaye. Kusema "sikujua sheria" hakusaidii.

Sisi tunaona miezi 12 si haki. Mfupa peke yake unaweza kukulaza nusu ya muda huo. Na hapa Tana River, mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024 yalikata barabara na kuhamisha watu makwao, ila kalenda ya korti haikusimama. Mbona anayegongwa na lori la mfanyabiashara apewe miaka 3, na anayegongwa na gari lililonunuliwa kwa ushuru wake apewe mmoja? Wabunge wasawazishe muda huo.

Lakini usingoje Bunge. Ukiumia, au ndugu yako akiumia, ripoti polisi na uchukue nambari ya OB. Itisha abstrakti. Piga picha ya nambari ya gari. Weka kila karatasi ya hospitali pamoja na risiti. Kisha andika tarehe ya ajali kwenye simu na umwone wakili mapema. Huna pesa? Ulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Mahakama Kuu iko hapo hapo Garsen, na kuna mahakimu Garsen na Hola.

Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo. Kwa kesi ya majeraha, hukupokonya haki yako kabisa.