Filamu Iliyotufikia kwa Mdomo

Filamu ya Bruce Lee, Enter the Dragon, ilitoka mwaka wa 1973, majuma machache baada ya nyota huyo kufariki. Kwetu mashambani hapakuwa na ukumbi wa sinema. Ilitufikia kwa mdomo wa mwanafunzi mwenzetu aliyekuwa amekwenda Nairobi likizoni.

Chini ya mti, wakati wa mapumziko, alitusimulia pambano la mwisho katika chumba cha vioo kwa Kiswahili kilichotusisimua mwili, ingawa filamu yenyewe ni ya Kiingereza. Kengele ilipolia alikatiza penye utamu, na kesho yake tukamrudia. (Nilipoitazama mwenyewe miaka mingi baadaye, niligundua kwamba mapigano kadhaa aliyatunga yeye!) Hakuna aliyekuwa amemfunza fanani huyo kujenga taharuki.

Leo vipande vya filamu huwafikia wanafunzi wengi kwenye simu hata kabla haijaanza kuonyeshwa. Nani basi atamsimulia nani? Ndiposa twawaomba walimu wa Kiswahili watenge japo kipindi kimoja kwa muhula, mwanafunzi asimame awasimulie wenzake filamu ambayo hawajaiona. Akiongeza mapigano yake, asikatizwe.