Tufundisheje Kuratibu za Mistari Iliyopinda?

Katika vyuo vyetu somo la kuratibu za mistari iliyopinda huanzia penye ugumu wake. Mkufunzi huandika ubaoni fomula ndefu, mwanachuo huinakili, na siku ya mtihani huirudisha jinsi ilivyo. Mwalimu aliyefundishwa hivyo atawafundisha wenzake vivyo hivyo. Maoni yangu ni kwamba somo hili lianze kwa misumari miwili na uzi.

Misumari ipigiliwe kwenye ubao ikiachana kwa sm 12, ncha za uzi wa sm 20 zifungwe kwenye misumari hiyo, na penseli izungushwe huku uzi umekazwa. Hupatikana duaradufu, na misumari ndiyo fokasi zake. Uzi ukirefushwa kuwa sm 22, kisha 24, hupatikana duaradufu nyingine zenye fokasi zile zile. Baadaye, kwa bikari, zichorwe haipabola: nukta ambazo tofauti ya masafa yake kutoka fokasi mbili haibadiliki, tuseme sm 4.

Sasa nukta yenye jumla ya 20 na tofauti ya 4 iko sm 12 kutoka fokasi moja na sm 8 kutoka ya pili. Imetajwa kwa namba mbili, bila mhimili wa x wala wa y. Mwanachuo makini atalalamika kwamba nukta za namna hiyo ni nne. Tofauti ikipewa alama ya kujumlisha au ya kutoa, hubaki mbili, moja juu na moja chini ya mstari wa fokasi. Lalamiko hilo lisizimwe. Linafaa kuliko ukurasa mzima wa fomula.

Kwa nini mistari hiyo hukatana kwa pembe mraba? Penseli ikitembea juu ya duaradufu, safa moja hupungua kwa kadiri ile ile lingine linavyoongezeka. Juu ya haipabola, yote mawili huongezeka au hupungua pamoja. Kwa hiyo tanjenti ya haipabola hugawa nusu kwa nusu pembe iliyo kati ya nyuzi mbili, na tanjenti ya duaradufu hugawa vivyo hivyo pembe ya nje. Pembe hizo mbili kwa jumla ni digrii 180. Nusu zake ni 90.

Kisha darasa lipime nafasi kati ya duaradufu ya 20 na ile ya 22. Penye mhimili mrefu ni sm 1 kamili. Penye mhimili mfupi ni kama sm 1.22. Hatua ni ile ile, urefu wake mbalimbali. Jambo hili tunalijua katika jiografia: digrii moja ya longitudo ni kama km 111 kwenye ikweta, na nusu yake tu kwenye latitudo ya digrii 60.

Hapo mlinganyo x²/(a²−t) + y²/(b²−t) = 1 uletwe. Kwa nukta iliyotolewa, t hupata majibu mawili: moja ni duaradufu, la pili haipabola. Ikiongezwa z, majibu huwa matatu, na nyuso tatu hukatana kwa pembe mraba. Huko uzi hausaidii tena. Ndiko Lamé alikotafiti joto mwaka 1837, na Jacobi, mwaka 1839, njia fupi kabisa juu ya elipsoidi.

Wako watakaosema muda hautoshi. Kazi ya uzi haihitaji zaidi ya vipindi viwili. Kinachotuzuia ni mtihani unaodai fomula tu. Swali moja likidai maelezo ya pembe mraba ile, wakufunzi wataitafuta misumari wenyewe.